Nyota Zilizokatwa Pembe

Watu wa mji mdogo wa Wendling wana adabu moja iliyoharibu mambo mengi kuliko matusi: hawasemi. Ukienda kanisani umevaa sweta ndani nje, watakusifia rangi yake. Ukiunguza keki, wataila, watajifuta midomo, kisha watakuuliza umeipikaje. Mtu anaweza kuzaliwa katika mji huo, akazeeka na akazikwa kando ya mashamba ya mahindi, bila kuambiwa hata siku moja kwamba akiimba hulia kama mlango usiotiwa mafuta.

Britta Skaar alizaliwa hapo, na adabu hiyo alikuwa nayo yeye pia. Alikuwa na miaka thelathini na sita, akisambaza barua kwa gari katika njia za mashambani, na Jumanne ndiyo siku yake ya mapumziko. Mama yake, Ardis, alifariki vuli iliyopita, siku chache kabla ya mavuno. Alimwachia mwanawe vitu viwili: cherehani nyeusi ya chuma, na kiti.

Kiti chenyewe ni cha bati, cha kukunja, kilichomenyeka rangi. Kilikuwa katika chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, pale wanawake wanapokutana kila Jumanne kushona mablanketi ya viraka. Desturi yao ni kwamba mwenzao akifa, kiti chake hubaki mezani mpaka theluji iyeyuke, kikimngoja mtu wa damu yake. Asipotokea mtu, kinakunjwa na kupelekwa stoo, na hapo habari zake zimekwisha. Britta alikuwa hajui kushona zaidi ya kufunga kifungo. Lakini kila alipokifikiria kile kiti kimekunjwa gizani baina ya ndoo na mifagio, alishindwa kukiacha. Januari akaenda, akakaa.

Majira hayo hawakuwa wakishona mablanketi. Bomba la maji lilikuwa limepasuka katika maktaba ya mji mwezi wa Desemba, na kwa miezi mitatu watu wakakosa vitabu. Ingefunguliwa tena Jumamosi ya kwanza ya Aprili, na wanawake wa Jumanne waliahidi kwamba kila msomaji atakayerudi siku hiyo atapewa kialamisho cha kuweka kitabuni, kilichoshonwa kwa mkono wa mtu anayemjua. Vialamisho mia mbili.

Kialamisho kimoja ni miraba mitatu iliyoungwa kwa mstari, kisha kikatiwa pamba nyembamba ndani na kitambaa nyuma. Upana wake vidole vitatu tu. Lakini kila mraba ni nyota kamili, yenye vipande ishirini na vinne, na vyote hivyo ni vidogo kuliko stempu. Katika blanketi kubwa, mshono ukikosea kidogo, kitambaa huvumilia. Katika kialamisho, unene wa uzi mmoja ukizidi, nyota inakatwa pembe.

Na nyota za Britta zote zilikatwa pembe.

Alizishona nyumbani kwa cherehani ya mama yake. Juu ya bamba la chuma, kuliani mwa sindano, Ardis alikuwa amebandika utepe wa gundi uliogeuka manjano, na juu yake akaandika kwa kalamu neno moja, "hapa", pamoja na mshale mdogo. Britta alijiapiza tangu mazishi kwamba hatagusa chochote katika cherehani hiyo isipokuwa kuitia mafuta. Alisukuma kitambaa kikifuata utepe ule kama mtu anayevuka daraja la kamba kwa kumshika mama yake mkono. Na bado mraba uliotakiwa kuwa inchi mbili ulipungua nusu ya punje ya hindi. Akapima tena. Akashona polepole zaidi. Ukapungua vile vile.

"Sina mkono," alijiambia. "Mama alikuwa nao, mimi sina."

Lakini kila Jumanne alipopeleka miraba yake kanisani, Hildur Moen, mwenye miaka themanini na mitatu na kiti cha mbele, aliipokea kwa mikono miwili kama sadaka.

"Rangi nzuri sana, mwanangu," alisema. "Mama yako angefurahi."

"Hasa hii ya kijani," aliongeza Lavonne Pfeiler, mfuga nguruwe, mwanamke mnene mwenye kicheko kinachotangulia mwili mlangoni. "Inanikumbusha kabichi. Mimi napenda kabichi."

Dorene Vik, aliyekaa mwisho wa meza, hakusema kitu. Dorene alikuwa mkimya kiasi kwamba watu walikuwa wakimsahau chumbani na kumzimia taa. Aliitia miraba ya Britta katika boksi la mashati pamoja na mingine, akafunika.

Jambo la ajabu ni kwamba vialamisho vilipokamilika, nyota zote zilikuwa na pembe. Britta aliviona vimepangwa mezani, akajifariji. Labda pasi ya Bi Hildur ina miujiza yake, aliwaza. Labda zikishaungwa hunyooka.

Ndipo uzi ukaisha.

Kibunda cha mwisho cha uzi wa mama yake, wa rangi ya maziwa ya mtindi kama ule wa wenzake wote, kilimalizika mwanzoni mwa Machi. Britta akanunua mwingine dukani, mweupe wenye weupe wa kibuluu, kama maziwa yaliyoondolewa mafuta. Akashona miraba kumi na miwili, akaipeleka. Jumanne iliyofuata alitangulia kufika, akafungua boksi la mashati kutafuta yake ili aiunge. Akaitambua kwa kitambaa, kwa sababu kilikuwa kipande cha aproni ya mama yake, cha kijani chenye stroberi ndogo. Nyota ilikuwa na pembe nane, kali kama miiba.

Akaugeuza mraba. Nyuma, mishono yote ilikuwa ya rangi ya mtindi.

Akatoa wa pili, na wa tatu. Mtindi mtupu. Pembeni mwa kila mshono aliona vitundu vidogo vya sindano iliyopita mara ya kwanza, vimepigwa pasi vikakaribia kufumba. Mlango ukafunguliwa, akaingia Dorene na sweta lake jeusi. Kwenye mkono wa sweta, karibu na kifundo, kulikuwa na vipande vya uzi vifupi vifupi kama nywele za paka. Vya kibuluu.

"Habari za asubuhi, Britta," Dorene alinong'ona.

"Nzuri," alisema Britta. "Jua limetoka leo."

"Ndiyo, limetoka."

Wakakaa wakashona saa mbili, wakazungumza juu ya matope.

Aliporudi garini alilia, si sana, kiasi cha kulowesha glavu moja. Hasira yake haikutokana na kazi yake kufumuliwa na kushonwa upya. Kazi mbaya hufumuliwa, hata barua ikiandikwa anwani vibaya inarudishwa. Kilichomuuma ni ile "rangi nzuri sana, mwanangu". Miezi mitatu alidhani amekaa katika kiti cha mama yake, kumbe aliwekwa tu hapo kama mgeni anayepewa kazi ya kukunja leso ili asijisikie vibaya. Kiti hakikuwa chake. Kilikuwa kimekunjwa tangu Januari, isipokuwa alikuwa amekikalia.

Siku tatu aliendesha gari la barua akitunga maneno ya kuaga. Yote yalikuwa ya adabu. "Kazi zimenizidi." "Mgongo unanisumbua." Siku ya nne, akitia gazeti katika sanduku la mkulima mmoja, akajisikia amechoka na adabu. Akageuza gari, akaenda dukani, akanunua uzi mwekundu. Si mwekundu wa kiungwana. Mwekundu wa gari la zimamoto.

Jumapili baada ya ibada akaketi kwenye cherehani, akafuata utepe wa mama yake kwa uangalifu ambao hakuwahi kuutumia, akashona miraba kumi na miwili ya kitambaa cheupe na kile cha kijani cha aproni. Nyota zilikatwa pembe, zote. Wekundu wa uzi ukachungulia kila mahali.

Jumanne hakusubiri hata kahawa imiminwe. Akaipanga miraba mezani, mgongo juu.

"Nimetumia uzi mwekundu," alisema, "ili Bi Dorene asiumize macho akifumua."

 Dorene akawa mwekundu kuliko uzi. Hildur akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Lavonne alikuwa na kipande cha keki ya limau mdomoni, na hakujua akimeze au akitoe.

"Nani kakwambia?" Hildur aliuliza hatimaye.

"Uzi. Mlitumia wa mtindi, mimi nilitumia wa kibuluu."

Lavonne akameza. "Nilisema! Si nilisema? Nilimwambia Dorene, angalia uzi, mwenzangu, msichana huyu anapanga barua mia nne kila asubuhi, ana macho ya mwewe. Akanijibu nini? Hakunijibu. Huyu hajibu!"

"Lavonne, hebu nyamaza kidogo," alisema Hildur.

"Nimenyamaza miezi mitatu, Hildur, karibu nipasuke. Nimemsifia mpaka kabichi! Mimi kabichi siipendi!"

Britta alitaka kubaki amekasirika, lakini kona ya mdomo ikamsaliti.

"Sikiliza, mwanangu," Hildur alisema, na sasa aliweka mikono yake mezani, mikono iliyokunjamana kama karatasi ya kufungia samaki. "Hii ni kazi ya zamani. Mimi nilifumuliwa mwaka mzima nilipoingia hapa, na nilikuja kujua nilipokabidhiwa kisu nimfumue mwingine. Mama yako tulimfumua majira mawili ya baridi."

"Mama?"

"Ardis. Alikuwa anashona kama mtu anayekimbizwa na nyuki."

"Alijua?"

"Hatukuwahi kumwambia." Hildur akasita. "Labda alijua. Naye hakuwahi kusema. Ndivyo tulivyo."

"Basi mimi nasema," Britta akajibu. "Bi Hildur, mimi nawaheshimu. Lakini kama sifai, mniambie sifai, nikunje kiti mwenyewe kwa mikono yangu. Sitaki kukalia kiti cha mama kwa huruma ya watu. Na kama nafaa, basi nifundisheni."

Wakati huo jambo lisilo la kawaida lilitokea. Dorene alisimama. Alikuja akizunguka meza, akachukua mraba mmoja wa uzi mwekundu, akaupeleka chini ya taa. Akachukua wa pili. Akachukua na rula.

"Imenyooka," alisema.

"Nini?" Lavonne akauliza.

"Mishono. Tazameni." Sauti yake ilikuwa kavu kwa kukosa kutumika. "Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, sikuwahi kuiona. Nilikuwa nafumua tu. Tazameni mwekundu huu. Hakuna mshono uliopinda. Ni kama reli."

Wakamsogelea. Kweli, mistari myekundu ilikwenda sambamba, myembamba, haikuyumba popote, kwenye vipande vidogo kuliko stempu.

"Mkono mbaya hukosea huku na kule," Dorene akaendelea, na hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema tangu Krismasi. "Huu umekosea mahali pale pale, kiasi kile kile, mara mia. Huu si mkono mbaya. Hii ni alama mbaya. Britta, unapimia nini?"

"Napimia utepe wa mama. Ule wa kwenye cherehani."

"Utepe gani? Ardis hakuwa na utepe. Alipimia jicho."

"Upo. Wa manjano. Ameandika 'hapa'."

Lavonne alijipiga kofi la paja lililotikisa vikombe. "Mungu wangu! Ovaroli za Merle!"

Wote wakamgeukia.

"Merle, mume wangu! Kiangazi kile kabla Ardis hajaugua, nilimpelekea ovaroli sita apunguze miguu. Turubai lile nene, mnalijua. Akaniambia, Lavonne, kitambaa hiki cha zizini kinataka mshono mpana kidogo, lazima nibandike alama, la sivyo jicho langu litarudi kwenye robo inchi yake. Akabandika mbele yangu! Nilimshikia mkasi!" Sasa alikuwa anacheka huku machozi yakimtoka. "Mtoto wa watu! Umeshona nyota za maktaba kwa kipimo cha suruali ya nguruwe!"

Britta alisimama mdomo wazi. Alifikiria zile saa zote, kidole kwenye utepe, moyo ukimwambia, hapa, mama yuko hapa, usiondoke hapa. Na mama alikuwa akizungumza na ovaroli. Kicheko kilimjia kutoka mbali, kikapanda, kikamkuta amekaa katika kile kiti cha bati kabla hajajua kwamba amekaa.

"Na sisi," Hildur alisema polepole, "kama tungesema siku ya kwanza, ingetuchukua dakika moja."

"Mbili," alisema Dorene. "Kuna kuvaa makoti."

Wakavaa makoti. Lavonne akawapakia wote katika pikapu yake, ambayo ilinuka kile ilichobeba jana yake, wakaenda mpaka nyumbani kwa Britta na kusimama mbele ya cherehani wakiwa na viatu mkononi kwa ajili ya matope. Dorene akateremsha sindano juu ya rula, akapima. Utepe ulikuwa umezidi robo inchi kwa unene wa nyuzi mbili.

Hakuna aliyenyoosha mkono kuubandua. Hata Lavonne alitulia.

"Hilo si letu," Hildur alisema. "Ni la kwako."

Britta akaupitisha ukucha chini ya ncha. Gundi ilikuwa imekauka, utepe ukatoka ukilia kidogo, mzima, pamoja na neno na mshale wake. Chini yake chuma kiling'aa kama siku kilipotoka kiwandani. Alidhani angesikia uchungu, na akausikia kweli, lakini ulikuwa mdogo kuliko alivyouogopa, kama mtu anayeng'oa plasta kwenye kidonda kilichopona zamani. Akaubandika ndani ya kifuniko cha mkebe wa biskuti ambamo mama yake aliweka vifungo. Kisha Dorene akampa utepe mpya, wa buluu, na Britta akaubandika mwenyewe mahali rula ilipoonyesha.

Akashona mraba mmoja, wao wakimwangalia. Si jambo rahisi kushona vipande ishirini na vinne mbele ya macho sita. Alipomaliza aliupiga pasi, akaugeuza. Pembe nane. Inchi mbili kamili.

"Sasa hiyo rangi," Lavonne alisema, "ni mbaya sana. Ile ya kijani haipatani na ile ya zambarau hata kidogo. Aa! Raha iliyoje kusema!"

Miraba ya uzi mwekundu Britta aliifumua mwenyewe na kuishona upya, kumi na mmoja. Wa kumi na mbili haukuonekana. Ilibainika baadaye kwamba Lavonne ameuiba, ameutia pamba na kumpa mumewe autumie katika orodha ya mbegu, kitabu pekee anachosoma. "Nyota zisizo na pembe zinamfaa Merle," alisema. "Nguruwe wetu nao tumewakata mikia."

Jumamosi ya kwanza ya Aprili maktaba ilifunguliwa. Watu walipanga foleni hadi nje kwenye theluji iliyobaki, wakanyoosha mikono wakichagua, huyu akitaka nyota nyekundu, yule akitaka yenye stroberi. Britta alisimama nyuma ya meza akiwatazama watu wale wale anaowapelekea barua za madai na kadi za rambirambi, wakishika kile kitambaa cha vidole vitatu kwa ncha za vidole kama kifaranga. Mzee mmoja aliyekuwa hajawahi kumpa zaidi ya salamu ya kofia alikigeuza kile cha aproni ya Ardis huku na huku.

"Hii ni kazi ya mama yako?" aliuliza.

"Hapana," alisema Britta. "Ni yangu."

Jumanne iliyofuata walirudi kwenye mablanketi makubwa. Chumba kilinukia kahawa. Madirisha yalikuwa juu karibu na dari, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba yalionyesha miguu ya wapita njia badala ya theluji. Hildur alisukuma vipande vyake vilivyoungwa kuelekea katikati ya meza, na Lavonne, kwa mazoea ya miaka thelathini, akafungua mdomo aseme rangi nzuri.

Britta alikuwa amekwisha kuona.  Alitazama kando, akatazama keki, akatazama miguu ya wapita njia.

"Bi Hildur," alisema, "samahani. Hapa pamepinda."

Lavonne akafunga mdomo. Dorene akaacha kutia uzi kwenye sindano.

Hildur akainamia kitambaa mpaka pua ikakaribia kukigusa.  Kisha akaingiza mkono katika kikapu chake, akatoa kisu kidogo cha kufumulia, chenye mpini wa mfupa uliolainika kwa mikono ya wanawake waliokishika kabla yake, akakisukuma juu ya meza mpaka kikasimama mbele ya Britta.

"Basi fumua, mwanangu," alisema. "Na fanya haraka, kahawa inapoa."